Tabo ya Bonifasi

Ukiitwa kukagua gari kuukuu la dizeli, usianze kusalimia watu. Weka kwanza mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, na mwenye gari anakuapia kwamba halijawashwa tangu jana, hapo sasa salimia, kunywa chai yake kama ipo, kisha rudi kwako. Huyo ameamka alfajiri akaliwasha ili ule moshi wa asubuhi uishe kabla hujafika. Injini ya zamani ikague ikiwa ya baridi, na mwenyewe akiwa mbali kidogo asikusemeshe.

Nawaambia nyie mnaoshinda gereji za hapa Shanwe na simu mkononi, mnaangalia video za mafundi wa ng'ambo wenye glavu safi. Mimi nimefungua injini katika mji huu wa Mpanda zaidi ya miaka thelathini. Kilichostaafu ni mgongo, mdomo bado uko kazini. Wateja waliniita Afande Boneti kwa sababu nilikuwa nahoji gari na mwenye gari pamoja. Dizeli nilikuwa naiweka kwenye chupa nyeupe ilale, asubuhi nione kama maji yamejitenga chini. Spea mpya nilikuwa nainusa kwanza. Ikinuka rangi mbichi, mtu kaipaka juzi uani kwake. Hata mke wangu akinipa chai nachungulia kikombe. Siyo kwamba namwogopa, ni mazoea tu, na yeye ameshachoka kulalamika.

Injini ninayotaka kuwasimulia mnaijua. Ni ile ya silinda sita, lita nne na kidogo, tabo moja, yaani ile feni ya kuisukumia injini hewa, na pampu ya mafuta ya chuma isiyojua kompyuta. Vitabuni wameandika nguvu ya farasi mia na sitini na kitu. Sawa, lakini farasi hao walihesabiwa kiwandani, wakiwa wameshiba. Ukishaipitisha njia ya Inyonga miaka kumi, wengine wameshakufa na wengine wanachechemea.

Mtu akiniuliza, "Fundi, inadumu?" namjibu inadumu sana, ila inataka mwenye adabu. Ipe oili kwa wakati. Mkanda wa taimingi usiusubiri ukatike. Beringi za konrodi badilisha kabla hazijaanza kugonga, maana zikigonga umeshachelewa, konrodi itatoka ubavuni ije kukusalimia. Maji kwenye rejeta angalia kila asubuhi, kwa macho yako, usiulize mtu. Nimeona hedi nyingi zimepasuka kwa sababu dereva alisema "nimeangalia" kumbe aliangalia wiki ile nyingine.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Maganga, Mnyamwezi mmoja mfupi, mkali, Mungu amrehemu. Siku moja tulijaribu gari, tukapanda mlima wa Lyamba lya Mfipa kwa gia ya pili, tabo inalia. Tulipofika juu nikasimama na kuzima injini kwa madaha, niko kijana nataka sifa. Lo! Alinichapa na kofia yake mpaka ikatoka umbo. "Wewe mtoto, unaua tabo!" Akanieleza kwamba kile kichuma kinazunguka kwa kasi ya ajabu na kimeloa oili ya moto. Ukizima ghafla, oili inaacha kutembea, inagandia ndani kama uji uliosahauliwa chunguni. Akawasha tena, akawasha na sigara yake, akasema ruksa ya kuzima ni sigara ikiisha. Mimi sivuti, lakini mpaka leo nikisimamisha gari la tabo nakaa kwenye kiti muda wa sigara nzima, na abiria wananuna.

Neno lake jingine lilikuwa hili: "Injini haifichi kitu. Anayeficha ni mtu." Nililimeza hilo neno bila kutafuna. Nikawa fundi wa kumtazama mtu kabla ya kutazama chuma. Mara nyingi lilinisaidia, sikatai, na wezi wa mjini hapa nimewakamata wengi. Ila kuna mara moja lilinipoteza, na hiyo ndiyo habari ninayotaka muijue kabla sijafa.

Kule Inyonga kuna kikundi cha wafuga nyuki, na mwenyekiti wao ni Mama Stella, mwanamke wa sauti kubwa na hesabu safi. Walikuwa na pikapu yenye injini hiyohiyo, ile yenye mkonga, yaani lile bomba linalopanda ubavuni mwa kioo mpaka usawa wa paa ili injini ivute hewa ya juu, isinywe maji mitoni wala vumbi. Inabeba madumu ya asali kutoka kambi za porini. Siku mama amezidiwa uchungu, hiyohiyo ndiyo inayomkimbiza hospitali.

Dereva wao hapewi kazi kwa barua. Wanachama wananyoosha mikono, kisha ufunguo unafungwa kamba, na mwenyekiti anamvika dereva shingoni mbele ya wote, siku ya kupima asali. Ukiona mtu Inyonga ana ile kamba shingoni, unajua huyu ameaminiwa na watu wote wa mizinga. Wakati huo kamba ilikuwa shingoni kwa Bonifasi.

Bonifasi alikuwa kijana wa Katumba. Wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi, yeye kazaliwa hapahapa, uraia anao, mahindi tunayokula nusu yake ni wao wanaolima. Mpole, maneno machache, lafudhi ya Kirundi kidogo kwenye ulimi. Nawaambia hilo la lafudhi kwa sababu nililisikia, na kulisikia kwangu hakukuwa kwa bure. Mtaelewa.

Masika ya mwaka mmoja wa hivi karibuni mto ulijaa ukachukua kidaraja, pikapu ikabaki kambini porini miezi mitatu na zaidi. Bonifasi alitembea kwa miguu mpaka barabarani akarudi kwao kulima. Njia ilipokauka alirudi, akaiwasha, akaja nayo mpaka kwangu na Mama Stella kando yake.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba. Gari lina nini?"

"Haivuti. Kwenye mlima inatoa moshi mweusi, ukikanyaga sana unakuja wa buluu. Zamani haikuwa hivi."

"Umeigusa wapi?"

"Filta ya hewa niliitoa kule kambini nikaipuliza. Ilikuwa na uchafu wa kunatanata, kama ulimbo. Na kwenye tabo nilikaza nati za lile bati la juu la kukinga joto, zilikuwa zimelegea zinapiga kelele."

Sasa nyie mafundi, msikie. Mgonjwa alikuwa ameshaeleza ugonjwa wake wote, mdomoni mwa dereva. Mimi nilisikia neno moja tu, "tabo". Moyoni nikasema, ahaa, huyu ameigusa tabo.

Nikafungua. Filta safi, kaipuliza kweli. Nikavua bomba linalotoka kwenye tabo, ndani limeloa oili. Nikatazama nati, zinang'aa, spana imepita juzijuzi. Nikatafuta kile kibati cha namba kwenye mwili wa tabo, hakipo, yamebaki matundu ya ribiti zilizokishikilia. Nikashika ile shafti kwa vidole viwili nikaitikisa, ikacheza. Nikamwita Mama Stella pembeni, lakini kwa ile sauti ya pembeni ambayo gereji nzima inaisikia.

"Mama, hii siyo tabo ya gari lako. Yako ilikuwa nzima. Hii ni mkweche, mtu kaifunga porini."

"Mtu gani, fundi?"

"Gari lilikuwa na nani?"

Bonifasi alisimama pale ameshika kitambaa cha kufutia oili. Akasema, "Mzee, mimi tabo sijaitoa. Nimekaza bati tu."

"Ulimbo, bati, miezi mitatu porini," nikamwambia. "Unataka kunipeleka msituni, kijana? Mimi nimeanza kazi hii hujazaliwa."

Watu wakacheka. Mtu mmoja, mteja aliyekuwa anasubiri pikipiki yake, akasema wa kuja ni wa kuja tu. Mimi sikusema hilo neno. Lakini sikumkemea, na nilipolisikia niliona kama limenisaidia kazi. Mungu anisamehe. Mama Stella akasema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako," akakaa kwenye tairi kama amechoka ghafla.

Siku ya kupima asali iliyofuata, alimvua Bonifasi kamba mbele ya wanachama. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa kwamba aliinamisha kichwa mwenyewe ili itoke vizuri, kwa sababu ilikuwa imekwama sikioni. Mchumba wake alikuwa wa Inyonga, binti wa mmoja wa wale wanachama, na baba wa binti akasema mwizi hapikiwi nyumbani kwake. Bonifasi akarudi Katumba.

Nikaagiza tabo nyingine, imetumika lakini nzima, niliinusa na kuitazama kwa jua. Nikaifunga. Nikalitoa gari kulijaribu kuelekea Inyonga, kimlima cha kwanza tu, moshi mweusi. Nikakanyaga, moshi wa buluu. Halivuti!

Mnadhani nilijihoji? Thubutu. Nilimtukana aliyeniuzia tabo. Nikampigia simu nikamwita mlaghai, akajibu matusi ya kwake, tukakata simu wote wawili kwa hasira. Nikahangaika na pampu, nikahangaika na nozo, nikapima kompresheni silinda zote sita, ziko vizuri. Wiki ikapita. Mama Stella anapiga simu kila siku, mzigo wa asali unamngoja.

Jioni moja nimechoka nimeegemea lile gari, injini inaunguruma, nikaweka kiganja kwenye mdomo wa mkonga bila sababu yoyote. Karibu nisisikie kitu. Injini ya lita nne inapaswa kukuvuta mkono mpaka ushtuke. Hii ilikuwa inanivuta kidogo mno. Nikazima, sigara ya Mzee Maganga sikuikumbuka siku hiyo. Nikafungua mkonga wote, nikauinamisha na kuugonga kwa nyundo ya mpira.

Kikatoka kibonge cheusi, kinanata, kina vitundu vitundu. Kikafuata kingine. Nikanusa: asali chachu. Wale nyuki wadogo wasiouma, wanaopenda matundu membamba, waliliona bomba limesimama kimya miezi mitatu katikati ya msitu, wakahamia. Walijenga kwa nta na ulimbo mpaka karibu nusu mkono chini, wakabakiza kinjia chao cha katikati. Sisi watu wa Katavi tunatundika mizinga mitini mwaka mzima tukiwabembeleza nyuki waingie, na gari la wafuga nyuki tumeliacha mzinga wazi chini ya miti ileile. Nani angefikiria? Bonifasi alifikiria nusu, aliponiambia ulimbo.

Haya basi, somo la tabo, maana ndiyo kazi yetu. Tabo ikinyimwa hewa mbele, bado inavuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Ikikosa hewa inanyonya oili yake yenyewe kupitia kwenye sili. Ndiyo maana bomba lilikuwa limeloa, ndiyo maana moshi wa buluu. Mweusi ni dizeli isiyopata hewa ya kuunguza. Filta safi haikuambii kitu kama njia imezibwa kabla ya filta. Na ile shafti kucheza kidogo pembeni ikiwa kavu ni kawaida yake, hata mpya inacheza. Ogopa ikicheza kwenda mbele na nyuma, au panga za ile feni zikigusa ukuta. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimewafundisha wengine! Lakini siku ile niliitikisa tabo nikiwa nimeshahukumu mtu, na vidole vikasema nilichotaka.

Kile kibati cha namba? Nilikwenda kutazama magari mengine matatu ya umri ule hapa mjini. Mawili hayana. Joto linalegeza ribiti, kibati kinadondoka barabarani, basi.

Nilikuwa peke yangu gereji. Ningeweza kufagia ile nta, nikafunga mkonga, nikamwambia Mama Stella kwamba nimesafisha pampu. Asingejua mtu. Siku mbili nilikaa hivyo, na nawaambia ukweli nilikuwa najaribu kuona kama itawezekana. Nilitafuta kosa la Bonifasi hata dogo la kushikilia. Mbona aliliacha gari bila kuziba mdomo wa mkonga? Mbona hakusisitiza? Usiku silali, chakula hakipandi, mke wangu akaniuliza ni malaria au ni dhambi. Nikamwambia.

"Sasa mimi umeniambia ili iweje?" akasema. "Mimi nina gari?"

Mama Stella alipokuja nilimwekea kile kibonge mezani kwenye sinia. Alikijua kabla sijafungua mdomo, mtu wa nyuki yule. Akakivunja, akakinusa, akaniangalia.

"Kilikuwa wapi hiki?"

"Kwenye mkonga. Tabo ile ya kwanza ni yenu, Mama, na ni nzima. Nimeirudisha. Bonifasi hajaiba kitu. Ni mimi niliyekosea."

Nilitegemea anitukane, ningepumua. Hakutukana. Alisema, "Fundi, mimi nilimvua ile kamba kwa mkono wangu huu. Kwa sababu watu walisema wewe hukosei."

Tulikwenda Katumba siku ileile na pikapu hiyohiyo, mimi nikiendesha. Mama Stella alikuwa ameshaongea na wanachama kwa simu, wote wamekubali, na ufunguo wa akiba wenye kamba ameushika mapajani. Tulimkuta Bonifasi shambani anapalilia mahindi. Mama yake mzazi alitukaribisha vizuri, akatuletea maharage na viazi vitamu.

Nilisema yote palepale, mbele ya mama yake na majirani waliokuja kuona gari, kwa sauti ileile kubwa niliyotumia gereji. Nilisema nilimsingizia. Nilisema hata lile neno la wa kuja, kwamba nililisikia nikaliacha lipite. Machozi yalinitoka, mtu mzima, sikujali. Mama yake alijifunika uso kwa khanga na kusema kitu kwa Kirundi sikukielewa.

Bonifasi aliegemea jembe. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nimekusamehe, mzee," akasema. "Asante kwa kuja."

Mama Stella akasimama na ile kamba. "Mwanangu, rudi. Wanachama wote wamenyoosha mikono. Na baba wa binti nitamwendea mimi mwenyewe."

Bonifasi hakuipokea. Akalizunguka gari taratibu, akaligonga gonga tairi, kisha akaniuliza swali la kazi, kama wateja wanavyouliza.

"Mzee, injini hii ina umri gani?"

"Inakaribia miaka thelathini."

"Na tabo ni nzima kabisa?"

"Kabisa. Nakuhakikishia."

"Haitakufa?"

Hapo ningeweza kusema haitakufa. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo wa kutosha kwa kijana yule. "Itakufa, Bonifasi. Kila tabo inakufa siku yake, hata itunzwe vipi."

Akatikisa kichwa polepole, akamtazama Mama Stella, akanitazama na mimi.

"Na siku hiyo ikifa, usukani nitakuwa nimeshika mimi. Mtamtazama nani?"

Mama Stella akaishusha ile kamba.

"Tafuteni dereva ambaye hajawahi kuitwa mwizi," akasema, "huyo anaruhusiwa kuharibikiwa." Akatuaga kwa heshima zote, akashika jembe, akarudi kwenye mstari wake.

Tukapanda gari tukarudi. Njia nzima mpaka Mpanda, milima yote, lilivuta vizuri.